Chumba cha kupanga kwa mwanafunzi: sheria imebadilika wapi, na ushike nini mkononi kabla ya kutoa hela

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, maswali yanayoingia kwenye kipindi chetu huwa ya aina moja. Mzazi ameuza mahindi au mbuzi, amemtumia kijana hela ya chumba ya miezi sita, na baada ya miezi miwili kijana anapiga simu: mwenye nyumba amepandisha kodi, au amemwambia ahame. Mzazi anauliza, "Je, sheria inamruhusu?"

Jibu la hewani huwa fupi kwa sababu muda ni mdogo. Hapa tunalieleza kwa urefu, ili ulisome taratibu kwenye simu yako na umtumie kijana wako pia. Makala haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na nyumba.

Kabla hatujaanza, tuliweke sawa neno moja linalochanganya watu wengi. Mitaani tunasema "kodi" kwa vitu viwili: hela anayolipwa mwenye nyumba, na hela inayokwenda serikalini. Katika makala haya, hela ya mwenye nyumba tutaiita pango. Kodi itakuwa ile ya serikali.

Badiliko la kwanza: sheria iliyompa mpangaji kinga ilifutwa

Wazee wengi bado wanaamini kwamba mwenye nyumba hawezi kupandisha pango wala kumtoa mtu bila kibali cha baraza. Zamani ilikuwa kweli. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti pango. Chini ya sheria hiyo pango lilikuwa na kiwango kinachotambulika, na mwenye nyumba aliyetaka kumtoa mpangaji alipaswa kupitia kwenye baraza la nyumba.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo pango la chumba ni makubaliano ya watu wawili. Hakuna ofisi inayopanga kwamba chumba cha karibu na chuo kiwe shilingi 30,000 au 70,000. Wala hakuna sheria maalumu inayomkataza mwenye nyumba kutaka pango la miezi sita au la mwaka mzima kwa mkupuo. Mjadala wa kuzuia jambo hilo umesikika bungeni na mitaani kwa miaka mingi, lakini mjadala si sheria.

Hili ndilo jambo kubwa la kushika katika makala haya. Kwa kuwa sheria ya kudhibiti pango haipo, kinga ya kwanza ya mwanafunzi ni yale aliyokubaliana na mwenye nyumba. Na makubaliano yasiyoandikwa, siku ya ugomvi kila mtu huyakumbuka kwa namna yake.

Lakini mpangaji hakuachwa mtupu

Ipo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, yenye sehemu nzima inayohusu upangaji. Inaruhusu upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja uwe wa maandishi au wa mdomo. Kwa hiyo kijana asiye na mkataba wa karatasi naye ni mpangaji halali, hata akiambiwa "wewe huna mkataba, huna haki". Tatizo lake litakuwa kuthibitisha walikubaliana nini.

Sheria hiyo inamwekea mwenye nyumba wajibu hata kama hamkuuandika popote. Haya ndiyo makubwa:

Kwanza, mpangaji anayelipa na kutimiza masharti aachwe akae kwa amani. Kubadilisha kitasa akiwa darasani, kumkatia umeme ili ahame mwenyewe, au kutoa godoro lake nje ni kuvunja wajibu huo.

Pili, chumba kinachopangishwa kwa ajili ya kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu, siku ya kuingia na muda wote wa upangaji.

Tatu, pale mtu anapopanga sehemu tu ya nyumba, kama chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu mnazotumia wote ni jukumu la mwenye nyumba. Paa likivuja, mwanafunzi si wa kununua bati.

Mpangaji naye ana wajibu wake. Alipe pango kwa wakati. Akitunze chumba, na akivunja kioo kwa uzembe alipe. Amruhusu mwenye nyumba kukagua kwa saa za kawaida baada ya kumpa taarifa. Na asimpangishe mtu mwingine chumba hicho bila ridhaa ya mwenye nyumba. Hapa wanafunzi wengi huteleza: chumba kimekodiwa na mmoja, baada ya wiki wamo watatu, na likizo ikifika anaachiwa rafiki wa rafiki. Kama mnataka kuchangia chumba, semeni tangu mwanzo na muandike majina yote.

Kuhusu kuondoka, pale ambapo hakuna muda ulioandikwa na pango linalipwa kwa mwezi, anayetaka kuvunja upangaji anatakiwa kutoa notisi isiyopungua mwezi. Hili linawahusu wote wawili. Mwanafunzi anayehama usiku baada ya mtihani bila kuaga naye anavunja utaratibu. Hata anayedaiwa pango anastahili taarifa ya maandishi inayosema deni ni kiasi gani na alipe lini. Deni halimpi mtu ruhusa ya kukutoa kwa nguvu.

Na kama umeshalipa miezi sita kwa bei mliyokubaliana, bei hiyo ni ya miezi sita. Mwenye nyumba anaweza kutaka zaidi miezi hiyo ikiisha, si katikati. Nyumba ikiuzwa katikati, muda uliolipia haufi. Anayeinunua anaikuta na mpangaji wake.

Badiliko la pili: kodi ya jengo ndani ya LUKU

Hili linawagusa wapangaji kila mwezi, na wengi hawajui ile hela inakatwa ya nini. Tangu Agosti 2021, kodi ya jengo inakatwa pale mtu anaponunua umeme wa LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500 kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu.

Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Lakini mashine humkata anayenunua umeme, na anayenunua mara nyingi ni mpangaji. Shilingi 1,500 kwa mwezi ni 18,000 kwa mwaka, ambayo kwa mwanafunzi ni madaftari na nauli. Kwa hiyo wakati wa kupatana, uliza mapema: "Hela ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tunaihesabu vipi?" Mnaweza kukubaliana ipunguzwe kwenye pango, au wapangaji mnaotumia mita moja muigawane. Mkishakubaliana, mliandike.

Badiliko la tatu: baraza la kata haliamui tena

Zamani mgogoro wa nyumba ungeweza kupelekwa kwenye baraza la kata na baraza likatoa uamuzi. Mwaka 2021 sheria ya mabaraza ilibadilishwa. Sasa kazi ya baraza la kata katika migogoro ya ardhi na nyumba ni kusuluhisha tu. Linawakalisha, linawasikiliza, linawatafutia mwafaka. Halitoi hukumu, na mawakili hawaruhusiwi kuingia humo.

Hata hivyo, usilidharau. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo ndilo lenye uwezo wa kuamua, halipokei shauri la aina hii mpaka baraza la kata lithibitishe kwa maandishi kwamba usuluhishi umeshindikana. Kama siku 30 zimepita tangu ulipopeleka shauri na baraza la kata halijalimaliza, unaweza kwenda wilayani bila hati hiyo. Kwa hiyo tarehe uliyofungua shauri ni mali. Iandike, na uombe nakala yenye muhuri.

Jambo jingine ambalo wazazi hukosea: shauri hupelekwa kwenye kata ambako nyumba ipo. Kama kijana amepanga Dodoma na wewe uko Kondoa vijijini, baraza la kata yako haliwezi kumwita mwenye nyumba wa Dodoma.

Umri wa mwanafunzi unabadilisha mambo

Si kila anayepanga ni wa chuo kikuu. Wapo waliomaliza kidato cha nne na kwenda vyuo vya kati wakiwa na miaka 16 au 17. Wapo pia wanafunzi wa shule za kata wanaopanga mageto kwa sababu nyumbani ni mbali na shule.

Kwa sheria ya mikataba, mtu aliye chini ya miaka 18 hawezi kufunga mkataba. Akisaini, mkataba huo ni batili. Kwa hiyo mzazi au mlezi ndiye asaini, kwa jina lake, akieleza kwamba anayekaa ni mwanawe. Usimtume mtoto wa miaka 16 akapatane peke yake na mtu mzima kuhusu chumba.

Na hapa lazima tuseme wazi. Wasichana waliopanga peke yao hukutana na watu wanaotaka kulipwa pango kwa njia nyingine. Mwenye nyumba, mlinzi wa nyumba au dalali anayemtaka binti kimapenzi ili asimfukuze anatenda kosa la jinai, na hilo si la kusuluhishwa kwenye kikao cha familia wala cha baraza la kata. Ni la polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Mzazi, mwambie binti yako kabla hajaondoka nyumbani kwamba akipatwa na jambo hilo aseme, na kwamba hutamlaumu.

Hesabu kabla ya kuhama

Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita, na dalali anataka pango la mwezi mmoja kama ilivyozoeleka. Hiyo ni 300,000 na 50,000, jumla 350,000, kabla ya godoro, ndoo na jiko.

Kwa anayepata mkopo wa serikali wa elimu ya juu, fedha za chakula na malazi zilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Kwa siku 60 ni 600,000. Akitoa 350,000 zinabaki 250,000 za kula siku 60, yaani kama 4,100 kwa siku. Na fedha hizo huja kwa awamu, si siku anayotaka mwenye nyumba.

Kwa hiyo patana kuhusu muda, si bei tu. Mwombe mwenye nyumba miezi mitatu mitatu, au umpendekezee tarehe za kulipa zinazofuatana na awamu za mkopo au na msimu wa mavuno wa mzazi. Wengine hukubali, hasa mzazi anapozungumza naye mwenyewe kwa simu kwa heshima. Na kama chuo hufungwa mwezi wa saba hadi wa kumi, uliza kama miezi hiyo nayo inalipiwa. Kulipa mwaka mzima chumba cha miezi tisa ni hasara inayoonekana tangu mwanzo.

Mkataba uwe na nini

Si lazima uwe wa wakili. Karatasi ya daftari inatosha, mradi iwe na haya:

1. Majina kamili ya mwenye nyumba na mpangaji, namba zao za simu, na namba ya NIDA kama ipo.
2. Nyumba ilipo: mtaa, kata, na chumba kipi.
3. Pango kwa mwezi, jumla iliyolipwa, na tarehe ya kuanza na ya kumaliza.
4. Amana, kama ipo: ni kiasi gani, itarudishwa lini, na itakatwa kwa sababu zipi.
5. Umeme, maji, taka, na ile hela ya jengo kwenye LUKU: nani analipa nini.
6. Notisi ya kuhama au kuhamishwa ni ya muda gani, na hela ya miezi isiyotumika itarudije.
7. Hali ya chumba siku ya kuingia: kitasa, dirisha, soketi, dari. Piga picha kwa simu siku hiyo hiyo.
8. Saini za wote wawili na za mashahidi, mmoja kila upande. Kila mmoja abaki na nakala.

Kabla ya kusaini, hakikisha unayepatana naye ndiye mwenye nyumba kweli. Mwenyekiti wa mtaa au mjumbe huwajua watu wake. Wapo waliolipa kwa mpangaji mwenzao aliyejifanya mwenye nyumba, au kwa dalali aliyekusanya hela za watu watano kwa chumba kimoja. Mwenye nyumba akiwa mbali, anayekusanya pango awe na barua yake.

Fahamu pia kwamba mkataba wa pango unatakiwa kulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwa chumba cha 50,000 kwa mwezi, pango la mwaka ni 600,000 na ushuru ni 6,000. Wengi hawaulipi, lakini mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini.

Simu yako ni shahidi

Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu na kumbukumbu za malipo ya simu vinaweza kupokelewa kama ushahidi. Hii ni faida kubwa kwa mzazi aliye kijijini na anayelipa kwa mbali.

Lipa kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la mwenye nyumba, jina lile lile lililo kwenye mkataba. Ujumbe wa muamala unaonyesha kiasi na jina, lakini hausemi hela ilikuwa ya nini. Kwa hiyo baada ya kutuma, ongeza ujumbe kama huu:

"Shikamoo mama. Nimekutumia shilingi 300,000, ni pango la chumba cha mwanangu kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 30 Aprili. Naomba unithibitishie kama imefika."

Akijibu tu "imefika, asante", umepata risiti. Usifute. Ukibadilisha simu, hamisha au piga picha ujumbe huo kwanza.

Ukilipa taslimu, andikiwa risiti hapo hapo. Mwenye nyumba mwaminifu haoni shida kuandika mstari mmoja.

Mambo yakiharibika, anza hapa

Hatua ya kwanza ni kuzungumza, kijana akiwa na mtu mzima, na kumaliza kwa ujumbe wa simu unaorudia mlichokubaliana. Ugomvi mwingi wa vyumba huishia hapo.

Ikishindikana, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hana nguvu ya hukumu, lakini mwenye nyumba anamheshimu kwa kuwa wanaishi pamoja. Wanafunzi wa chuo wapite pia ofisi ya mshauri wa wanafunzi na serikali ya wanafunzi, kwa sababu mwenye nyumba anayepangisha karibu na chuo hapendi jina lake lisambae vibaya.

Hatua ya tatu ni baraza la kata ambako nyumba ipo, na ya nne ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa utaratibu tulioueleza. Huna hela ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaotoa huduma bure. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, watakuelekeza walio karibu nawe.

Mali zikichukuliwa au kuharibiwa, au mtu akipigwa, nenda polisi siku hiyo hiyo.

Kwa kijana uliye chumbani sasa hivi bila karatasi: bado hujachelewa. Mtumie mwenye nyumba ujumbe leo, kwa heshima, ukitaja chumba, pango, kiasi ulicholipa na tarehe kinapoishia, umwombe athibitishe. Na kwa mzazi ambaye bado una hela mfukoni: andikeni kwanza, utume baadaye.